Nililala Njaa Havana, Sahani Ikiwa Mbele Yangu

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia Ngamiani, na tangu nipate akili sikumbuki kukataa chakula cha mtu. Shemeji zangu wanalijua hilo na wanapima mchele ipasavyo. Kwa hiyo mtu akisema kwamba Januari 2023 nilishinda na kulala njaa Havana, ndani ya nyumba inayonukia vitunguu saumu tangu mlango wa chini, hata mimi ningemwita mwongo. Lakini yalinikuta, na chanzo chake ni kitabu cha mtumba.

Kitabu chenyewe nilikinunua Posta, Dar es Salaam, kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu chini. Kilikuwa cha Kihispania cha watalii, jalada la nyuma halipo. Nikakifungua ndani ya ndege, baada ya kuunganisha Istanbul. Ukurasa wa kwanza tu: mesa, meza. Nikacheka peke yangu. Bandera, bendera. Limón, limau. Azúcar, sukari. Papaya, papai. Hata kamisi la bibi yangu nikalikuta humo, camisa, ila kwao ni shati la mwanamume. Meza na bendera tumeachiwa na Mreno, na sukari tumeipata kwa Mwarabu sisi na Mhispania, maana Mwarabu aliingia Hispania mwaka 711 na ngome yake ya mwisho haikuanguka mpaka 1492. Sasa mtu akishakula vizuri angani huwa jasiri kuliko elimu yake. Nikajiambia: Kihispania nusu yake ni Kiswahili kilichopotea njia, hiyo nusu nyingine nitaisikia hukohuko. Nikafunga kitabu, nikalala.

Uwanjani sikupata taabu. Fomu ya mtandaoni ya kuingilia Kuba, D'Viajeros, nilishaijaza na ule mraba wake wa vidotidoti nikauchapa kwenye karatasi, bima ya afya ninayo, kadi ya utalii ninayo (siku hizi ya karatasi imeachwa, viza unaomba mtandaoni). Kilichoniaibisha ni pesa. Kitabu kilisema Kuba ina sarafu mbili, ya wageni inaitwa CUC, basi nikafika dirishani nikaomba CUC kwa kujiamini kabisa. Dada wa dirishani akamwita mwenzake aje anione. Ile sarafu ilifutwa tarehe 1 Januari 2021. Nilikuwa sawa na mtu anayekwenda Kariakoo leo na rupia ya Mjerumani. Imebaki peso, na bei ya serikali wakati ule ilikuwa peso 120 kwa dola 1, mtaani zaidi ya hapo. Ukienda, beba yuro taslimu, noti safi zisizochanika, na nyingi ziwe ndogondogo. Kadi ya benki ya Marekani kule haifui dafu, na yangu, ambayo wala haikuwa ya Marekani, mashine iliitema mara mbili.

Nilifikia kwenye casa particular, yaani nyumba ya mtu anayekodisha chumba. Utaijua kwa alama ya buluu mlangoni, kama nanga iliyopinduliwa. Ilikuwa Centro Habana, ghorofani, ngazi za marumaru zimelika katikati kama kipande cha sabuni. Mwenye nyumba alikuwa bibi mfupi mwenye sauti ya kumwitia mtu aliye ng'ambo ya mtaa. Akanikumbatia, akanibusu shavu, akanionyesha kitanda, feni, na mshumaa. Habari ya mshumaa sikuuliza. Mtu wa kwetu haulizi mshumaa ni wa nini.

Jioni akaandaa. Wali umepikwa pamoja na maharage meusi, wenyewe wanauita Wamoro na Wakristo, na maharage ndiyo Wamoro, yaani wale Waislamu wa Hispania ya zamani. Mihogo ya kuchemsha, imemwagiwa vitunguu saumu na maji ya danzi. Ndizi mbichi zilizokaangwa, zikapondwa zikawa bapa, zikarudishwa tena kwenye mafuta. Na nyama imechambuka nyuzinyuzi, jina lake ropa vieja, "nguo kuukuu". Nilitaka kulia. Mabara yote hayo nimeyapita, halafu nakutana na mihogo.

Nikanyoosha mkono kwenye ndizi.

"Koma!" akasema bibi, kwa sauti ileile.

Mkono ukarudi wenyewe. Aliyelelewa kwa Kiswahili anajua, neno hilo halipiti sikioni, linapita mgongoni. Mama yangu akisema koma alimalizia na "ukome kama ulivyokoma ziwa langu", na hapo hata paka alikuwa akishuka mezani.

Nikatabasamu. Labda kwao wanasali kwanza. Nikainamisha kichwa, nikakinga viganja, nikasema amina kwa sauti. Nikashika uma.

"Koma, señor, koma!" Safari hii anapunga mkono juu ya sahani. Señor nilikuwa nalikumbuka kwenye kitabu: bwana. Koma, bwana, koma.

Nikauweka uma chini. Hapo ndipo kusoma kidogo kuliponimaliza. Nilikuwa najua kwamba tangu 1962 kila familia ya Kuba ina daftari la mgao, libreta, na kwamba miaka hii hata hicho cha mgao kinachelewa. Nikaunganisha mambo: hiki ni chakula cha wajukuu, kimewekwa mezani kwa heshima tu, kama kwetu unavyoambiwa "karibu tule" na wewe mwenyewe unajua ujibu "ahsante, nimeshiba". Bibi ananikumbusha tu wajibu wangu. Nikainuka, mkono tumboni, gracias, gracias. Nilikuwa nimemeza kipande kimoja cha ndizi, nacho nilikimeza bila kutafuna. Bibi akaitazama sahani, akanitazama mimi, akakaa kwenye kiti taratibu kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Usiku umeme ukakatika. Nikalala na mshumaa na harufu ya danzi.

Asubuhi yaleyale. Mayai, mkate, sinia la matunda. Kahawa niliinywa kwa sababu alinitia kikombe mkononi, kikombe kidogo kama cha kahawa ya barazani kwetu ila imetiwa sukari ya kuuma meno. Niliposogelea mayai: "Koma!" Safari hii mezani alikuwepo mjukuu, mtoto wa miaka kama kumi. Bibi akamgeukia naye: "Kome!" Sasa yule mtoto ameambiwa kome, ndiyo kwanza anaongeza siagi! Nikasema moyoni, huyu hajafunzwa. Nikaaga na kikombe changu cha kahawa tumboni.

Utauliza simu ilikuwa wapi. Simu ilikuwepo, na programu ya kutafsiri ilikuwepo, ila Kihispania sikukipakua nikiwa nyumbani. Programu ilitaka intaneti, intaneti ilitaka laini, na laini ilitaka foleni. Pakua kabla hujaondoka, ndugu yangu. Ramani pia.

Mtaa wa Neptuno nikapanda almendrón, yale magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 unayoyaona kwenye picha. Mengine ni ya kupigia picha, mengine ni daladala kabisa: yana njia yake, mnajazana, unashuka pako. Nikaufunga mlango kama ninavyofunga mlango wa Hiace. Gari zima likatikisika, kioo kikashuka chenyewe. Dereva akageuka: "¡Suave, suave!" Mimi nikasikia "swafi, swafi". Nikamwonyesha dole gumba. Wakati wa kushuka, kwa kuwa nilishasifiwa, nikaubamiza zaidi. Mzee wa watu akazima injini, akashuka, akazunguka mpaka upande wangu, akaufungua ule mlango, kisha akaufunga kwa vidole viwili, polepole, kama anayemfumba macho maiti. Akaniangalia. Suave maana yake taratibu. Gari lile limemzidi umri, vipuri vyake anavichonga mwenyewe, na mimi nalibamiza.

Niliposhuka Vedado nikaona umati chini ya miti, na mwenye njaa akiona umati anajua kuna chakula. Lakini foleni yenyewe siioni: huyu amekaa ukutani, yule anasinzia, wawili wanacheza na mtoto. Nikachagua mgongo wa mzee mmoja, nikasimama nyuma yake, karibu, kama tunavyosimama benki. Mzee akahama. Nikahama naye. Akaushika mfuko wake wa nyuma. Nikamsogelea nimwondoe wasiwasi, nikamzidishia. Dada mmoja ndiye aliyeniokoa, kwa vidole na macho. Foleni ya Kuba ipo kichwani. Unafika unauliza "¿el último?", wa mwisho nani, mmoja anainua mkono, unaikariri sura yake, basi, wewe ni baada ya huyo, kakae popote kivulini. Anayekuja baada yako anakukariri wewe. Kusema kweli ni utaratibu wenye akili kuliko wetu wa kupumuliana kisogoni.

Ikafika zamu yangu. Ubaoni nikaliona neno moja ninaloliweza: ensalada. Kachumbari! Nikaagiza, nikisubiri nyanya na kitunguu. Likaja bakuli lenye mabonge matano ya aiskrimu. Mahali pale ni Coppelia, duka la aiskrimu tangu 1966, na ensalada yao ndiyo hiyo. Nililila lote na tumbo tupu. Aiskrimu matano juu ya kahawa moja. Sitaki kueleza saa moja iliyofuata.

Nikatafuta tunda la kutuliza tumbo. Katika soko la mazao nikayaona mapapai, mapana, yameiva vizuri, na hilo ndilo neno nililokuwa nalo hakika kuliko yote. Muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye aproni, pembeni yake mume anamenya nanasi. Nikamwambia kwa tabasamu pana, kwa sauti ya kusikika: señora, nataka papaya, grande, na mikono yangu nikaipanua kuonyesha ukubwa. Soko likanyamaza. Mume akaacha kumenya, kisu kikabaki hewani. Halafu muuza vitunguu akachuchumaa chini kwa kicheko, na kutoka hapo wakaangua kicheko soko zima. Mimi nikadhani ni matamshi. Nikarudia, polepole zaidi.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, kwa miguu, kwa njia za ndani.

Ngazini nikamkuta bibi ananisubiri na mwanamke mwenye koti jeupe. Ni daktari wa familia wa mtaa. Kule mtaa una daktari wake, na bibi alikwenda kumwita kwa kuwa mgeni wake hali chakula. Daktari akanishika kiganja, akauliza natoka wapi. Tanzania. Uso ukamng'aa.

"Sasa! Uko aje? Mimi nilikuwa Kenya!"

Nilishika ukuta. Kenya ilichukua madaktari wapatao 100 kutoka Kuba mwaka 2018, na mmojawao, baada ya kutumikia kaunti huko magharibi, ndiye huyu amesimama ngazini ananiuliza, "Shosho anasema haukuli. Tumbo inauma?"

"Daktari, mimi si mgonjwa. Nimekatazwa."

"Nani amekukataza?"

Nikamwonyesha bibi kwa kidevu, kwa adabu. "Kila nikigusa chakula ananiambia koma."

Daktari akatulia kidogo. Kisha akavua miwani, akakaa kwenye ile marumaru iliyolika, akacheka mpaka jirani wakafungua milango. Coma, akanieleza alipopata pumzi, ni "kula". Tena ni kula ya heshima, anayoambiwa mgeni na mtu mzima. Mtoto anaambiwa come. Yaani adabu ya yule bibi ndiyo iliyoniponza, na hata angekuwa hana adabu ningekufa vilevile, maana kome nalo ni hilohilo.

Bibi alipotafsiriwa maana ya koma kwetu, akajishika kichwa kwa mikono miwili. Tangu jana jioni amekuwa akimfukuza mgeni mezani! Akanivuta mkono mpaka kwenye kiti, na nilipokuwa kwenye sahani ya tatu nikawasimulia yaliyonipata sokoni. Bibi akamtuma kwanza mjukuu akalete maji, ndipo daktari akaninong'oneza. Havana tunda linaitwa fruta bomba. Papaya ni mahali kwenye mwili wa mwanamke, mahali ambapo kwetu pia hapatajwi sokoni, achilia mbali kuulizia ukubwa wake mumewe akisikia.

Siku zilizobaki nililipa deni la njaa. Bibi alikuwa akisimama nyuma yangu, coma, coma, na kila akilisema anajifunika mdomo kwa leso. Umeme ulikatika, tukala gizani, uliporudi mtaa mzima ukapiga kelele "¡llegó la luz!" kama wanavyoshangilia watoto wa Ngamiani. Usiku wa mwisho daktari akapita kunywa kahawa. Wali ulikuwa umenifika shingoni, na bibi anakuja na sufuria nyingine.

"¡Coma!"

Nikasukuma sahani, nikainua mikono juu kama aliyekamatwa. "Nimekoma, bibi! Nimekoma!"

Bibi akasimama na upawa wake. Akalirudia neno langu, akilikata vipande: ni me coma. Kwa Kihispania chake hayo ni maneno kamili: wala usinile. Akamgeukia daktari, akasema kitu kwa uso wa mtu aliyesingiziwa.

"Anauliza," daktari akanitafsiria, "nani amekuambia ati anataka kukukula?"