Afadhali dibaga iseme haioni

GDB ni dibaga, yaani programu ya kuchunguza hitilafu ndani ya programu nyingine. Ikikataa kuonyesha msimbo na kusema "No such file or directory", wengi wetu hukimbilia dawa moja: kuongeza folda. Mtu anaandika amri ya `directory`, inayoiambia GDB mahali pa kutafuta msimbo, na kutaja folda ya mradi. Isipofaa anataja nyingine, kisha nyingine, hadi kitu fulani kitokee kwenye skrini. Naipinga tabia hii, hasa kwa sababu mara nyingine inafanikiwa.

Dibaga haina habari na mpangilio wa mradi wako. Inachojua ni kile kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu) ilichoandika ndani ya programu ulipojenga kwa `-g`, chaguo la kuweka taarifa za dibaga: jina la faili, na folda ambamo kompaila ilikuwa inafanya kazi wakati ule. Kama programu ilijengwa kwenye seva au ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa na mashine yako), folda hiyo inaweza kuwa `/build/mradi`, na kwenye mashine yako hakuna kitu kinachoitwa `/build`. Dibaga imepewa anwani ya nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Tuseme programu imerekodi `/build/mradi/lib/soma.c`, nawe umetaja `/home/kazi`. GDB itajaribu kwanza njia ile ya asili. Ikikosa, itaibandika nzima mbele ya folda yako: `/home/kazi/build/mradi/lib/soma.c`. Ikikosa tena, inabaki na jina tupu na kujaribu `/home/kazi/soma.c`. Basi. Faili yenyewe imekaa `/home/kazi/lib/soma.c`, lakini huko haichungulii, maana haiingii kwenye folda za ndani. Ndipo unapomsikia mtu akiapa kwamba faili ipo, naiona kwa macho yangu, na dibaga inakana.

Hatari iko kwenye lile jina tupu. Mradi mkubwa haukosi `util.c` mbili au tatu. Ukirundika folda, dibaga itachukua `util.c` ya kwanza itakayokutana nayo na kukuonyesha kwa ujasiri wote. Mshale unasimama kwenye mstari wa maelezo. Vigeu unavyoviona kwenye msimbo, ukiomba thamani zake, unaambiwa havipo. Unaanza kuishuku kompaila, unajenga upya bila `-O2` (chaguo la kuongeza kasi ya programu), mchana unakwisha, kumbe ulikuwa unasoma faili ya maktaba nyingine kabisa.

Kwa hili Visual Studio ina busara zaidi: faili zake za taarifa za dibaga, PDB, hubeba alama ya ukaguzi ya kila faili ya msimbo, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, na kwa kawaida faili isiyolingana haikubaliwi. Watu huzima kipengele hicho kwa kukereka. Mimi nakiacha. DWARF, muundo wa taarifa za dibaga ambao GDB huusoma, katika toleo la 5 la mwaka 2017 nayo iliweka nafasi ya MD5 (alama kama hiyo) ya kila faili, ila si kila kompaila inayoijaza. GDB ina onyo la faili iliyo mpya kuliko programu, nalo halisemi lolote kuhusu faili ya zamani isiyo yenyewe.

Kwa hiyo uliza kabla ya kuongeza. Andika `list main`, kisha `info source`, usome folda ya kujengea iliyorekodiwa. Ukishaijua, mstari mmoja unatosha: `set substitute-path /build/mradi /home/kazi`. Mwanzo wa njia unabadilishwa, sehemu iliyobaki inabaki ilivyo, na `lib/soma.c` haichanganywi na `soma.c` nyingine. Wala kanuni hiyo haitagusa `/build/mradi2`, kwa kuwa inalinganisha folda nzima nzima. Kwenye LLDB, dibaga nyingine, mpangilio huo ni `target.source-map`; kwa C++ ndani ya kihariri cha VS Code ni `sourceFileMap`. (Ukiuweka mstari ule wa GDB kwenye `.gdbinit` ya mradi, faili ya amri za kuanzia, na GDB ikaipuuza, tazama `auto-load safe-path`. Inazuia faili za folda isizoziamini, na ina haki.)

Lakini kwa nini kila mtu kwenye timu aubadilishe mstari huo kila folda ya kujengea inapobadilika? Kompaila ya GCC tangu toleo la 8, mwaka 2018, ina `-ffile-prefix-map`, inayobadilisha mwanzo wa njia zinazorekodiwa, na kabla yake ilikuwapo `-fdebug-prefix-map` inayogusa taarifa za dibaga peke yake. Anayetunza skripti ya kujenga aweke `-ffile-prefix-map=/build/mradi=/src`, na programu zote zitoke na `/src`, ilimradi upande wa kushoto iwe folda halisi ya kujengea. Kanuni ya kubadilisha njia, sasa kutoka `/src`, itakuwa ile ile kwa kila toleo, hata seva ya kujengea ikihamishwa kesho.