Jamani, acheni kurundika ID (namba za utambulisho) kwenye kolamu moja ya hifadhidata!

Mifumo ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu za biashara ya asali hapa Tabora inatia hasira. Mfugaji nyuki mmoja huuzia wanunuzi wengi, na mnunuzi mmoja hununua kwa wafugaji wengi. Halafu mtu anaweka kolamu ya "wanunuzi" ndani ya jedwali la wafugaji, anajaza ID zao "4,11,21", kisha kwenye PHP (lugha ya kuandikia programu) anahangaika na explode() kuzitenganisha kwenye koma. Ukimtafuta mnunuzi namba 1 kwa LIKE '%1%' (yaani popote penye 1), wanakuja 11 na 21! Mnunuzi akifutwa, namba yake inabaki humo humo.

Tengeneza jedwali la kati lenye mfugaji_id na mnunuzi_id, zenye aina ya data ileile na ID za majedwali mama, la wafugaji na la wanunuzi; ukichanganya INT na BIGINT (aina mbili za namba nzima), MySQL, programu ya hifadhidata, inakataa ufunguo wa nje, yaani kiungo cha kwenda jedwali mama. Jozi hiyo iwe ufunguo mkuu, isijirudie. Kilo na tarehe msizichomeke humo, maana mnunuzi yuleyule atarudi kuchukua ndoo nyingine na jozi itagoma. Hayo ni mauzo, yana jedwali lake na id yake.

Na kwenye Laravel (mfumo wa kuandikia programu za PHP), kuongeza mnunuzi mmoja kwa sync() kunafuta viungo vya wanunuzi wengine wote wa mfugaji huyo. Tumieni syncWithoutDetaching(), inayoongeza bila kuwaondoa waliopo, tafadhali.