Jeki za Mtwara zinaharibikia kwenye maegesho

Hapa Mtwara jeki ya haidroliki, ile silinda inayonyanyua mzigo kwa msukumo wa oili, ikianza kuvuja, neno la kwanza kusikika ni "repea kiti", yaani seti ya sili mpya, zile pete za kuzuia oili isitoke. Opereta analisema, msimamizi analisema, na bosi huko ofisini anauliza bei yake kabla hajauliza ni mashine gani. Vifaa vinaagizwa Dar es Salaam, vinakuja na basi, fundi anatoa sili za zamani, anapachika mpya, mashine inarudi kazini. Msimu wa korosho haujafika katikati, jeki ileile inadondosha oili tena. Hapo lawama zinakwenda kwa mwenye duka: ametuuzia feki.

Feki zipo, sikatai. Lakini sili nyingi ninazozitoa zilikuwa nzima siku zilipofungwa, zikaharibiwa na rodi, ule mti wa chuma unaoingia na kutoka kwenye jeki, tuliyoirudisha bila kuipima. Na rodi yenyewe, kwa maoni yangu, haikuharibika ikinyanyua mzigo. Imeharibika mashine ikiwa imelala.

Ule mng'aro wa rodi ni ganda la kromu, ambalo kwa kawaida unene wake ni maikroni 20 hadi 50, yaani pungufu ya unywele mmoja. Kromu ngumu ina nyufa ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Mashine ikiwa kazini, rodi inaingia na kutoka, inajipaka utando wa oili kila mara, na utando huo unaizuia chumvi. Sasa iegeshe miezi kadhaa rodi ikiwa nje. Utando unakauka, hewa ya bahari inapenya kwenye nyufa, chuma cha chini kinaota kutu, kromu inavimba na kubanduka. Kinabaki kidonda kidogo chenye kingo kali, na kila rodi inapopita, kinaukwangua mdomo wa sili.

Tazama kalenda yetu. Korosho zinaanza kushuka bandarini kuanzia Oktoba hivi, pilikapilika zinakwenda hadi mwanzoni mwa mwaka. Zikiisha, fokolifti na winchi nyingi zinazotegemea msimu zinaegeshwa uani, nyingine mita chache kutoka majini. Kisha kusi linaanza kuvuma. Miezi ambayo mashine haina kazi ndiyo hiyo ambayo inaliwa, na hakuna anayeiangalia kwa sababu haiingizi hela. Nimeona bumu, ule mkono wa winchi, limeachwa limeinuliwa, jeki zimetoka zote, ati ili kuokoa nafasi ya kuegesha. Nafasi hiyo ni ghali kuliko inavyodhaniwa.

Dawa yake haina ufundi mkubwa: rudisha rodi ndani, kwenye oili yake. Isiyoweza kurudi yote, ipakwe grisi, na grisi ifutwe vizuri kabla ya kuwasha mashine, maana inanasa vumbi. Vumbi lenyewe huku kwetu si la mchanga peke yake siku hizi. Makaa ya mawe ya Ruvuma yanapita bandarini, na ungaunga wake unaingia kila mahali. Ile sili ndogo ya nje inayopangusa rodi ndiyo ya bei rahisi kuliko zote, na ndiyo mafundi wengi wanaiacha ya zamani eti "bado inafaa". Sijui wanaihurumia kwa nini.

Jambo la pili linalonikera ni kulaumu sili kwa makosa ambayo si yake. Bumu likishuka lenyewe polepole mzigo ukiwa unaning'inia, jibu linatoka haraka: sili ya pistoni, kile kichwa cha rodi kilichomo ndani ya jeki, imekwisha, fungua. Huenda ni kweli. Lakini fikiria jeki iliyosimama wima, milango yake miwili ya oili imezibwa yote, mzigo unaisukuma rodi iingie. Hata kama pistoni haina sili kabisa, oili itahama tu kutoka chini ya pistoni kwenda juu yake. Haina pa kutokea, na rodi inayoingia inadai nafasi ambayo haipo. Itazama kidogo, presha itapanda ndani, itasimama. Kwa hiyo bumu lisiloacha kushuka linakuambia kuna oili inayopata njia ya kutoka, na mara nyingi njia hiyo ni valvu ya kushikilia mzigo iliyofungwa kwenye jeki, au valvu kuu. Zipo saketi, yaani mpangilio wa njia za oili, ambazo mlango wa juu umeachwa wazi kuelekea tangi, na hapo sili ya pistoni inaweza kuwa ndiyo mkosaji kweli. Utajuaje bila kusoma mchoro? Lakini mchoro wa mashine huwa umefungiwa kwenye kabati la ofisi, na fundi anatumwa na spana tu.

Mchezo huu si wa kubahatisha. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 10, kwa presha ya bar 200, inasukuma takribani tani 16. Kijana anayepapasa paipu kwa mkono kutafuta panapovuja anaweza kuchomwa na uzi wa oili usioonekana. Jeraha litaonekana dogo, hata maumivu ni madogo mwanzoni, kumbe oili imeingia ndani ya nyama, na anatakiwa hospitali saa hiyohiyo, si kesho. Kipande cha boksi kinatosha kutafutia. Na wale wanaotoa pistoni iliyokwama kwa upepo wa kompresa, siku ikichomoka watakuwa wamesimama mbele ya risasi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka vifaa vya kunyanyulia vikaguliwe, lakini mkaguzi hafungui jeki kuangalia kromu. Hiyo ni kazi yetu.

Najua jibu la wenye mashine: meli inasubiri, kupaka rodi kromu upya ni mpaka Dar, nani atangoja? Ni kweli, ndiyo maana nasema hiyo kazi isifanyike meli ikiwa gatini. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar pale Somanga, kipuri tulichozoea kukipokea asubuhi kikawa hakina njia. Mwenye rodi ya akiba stoo hakuhangaika. Wengine walirudi kwenye ule mtindo wa kujaza vidonda kwa kuchomelea na kusugua kwa msasa, ambao mimi naupinga waziwazi: moto unaweza kuipinda rodi, pale palipojazwa hapawi na ugumu wa kromu, na msasa wa mkono unaacha mabonde ambayo sili itayahisi hata kama jicho halikuyaona.

Ninachotaka ni mpangilio ubadilike. Msimu ukiisha, kabla kusi halijakolea, kila rodi ifutwe na kupitishwa ukucha urefu wake wote. Ukucha ukikwama, jeki hiyo ishushwe, rodi ipimwe unyoofu, bushi na pini zinazoishika jeki ziangaliwe ulegevu, maana rodi inayovutwa upande mmoja itakula sili upande huohuo hata ikiwa mpya. Oili ya tangi itazamwe pia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Kisha ndipo fundi aandike mahitaji, na mhasibu ayaone mwezi wa tano badala ya mwezi wa kumi na moja usiku. Bosi anayeniuliza bei ya repea kiti siku hizi namwomba kwanza nusu siku na mtu wa kunisaidia kushusha jeki. Bei nampa baadaye, na safari nyingine sili hazimo kabisa kwenye orodha.