Sikukalia Dungusi, Niliegemea

Naombeni utulivu. Ile sauti inayozunguka kwenye magrupu ya Kigoma tangu jana, ambayo shoga yangu anacheka mpaka anakohoa, ina uongo ndani yake. Sikukalia dungusi. Niliegemea. Anayeona ni mamoja aje nimpeleke Ujiji akajaribu vyote viwili.

Chanzo ni simu. Nilikuwa nashinda kwenye video za ile bustani ya mimea ya jangwani iliyoko Phoenix, Arizona, huko Marekani, ambayo ipo tangu 1939. Kwao ikifika Machi mpaka Mei, dungusi zinalipuka maua: ya njano, ya waridi, na yale meupe ya saguaro, jitu linaloweza kutimiza miaka 50 halijatoa hata mkono mmoja. Wadada wanapiga picha katikati ya miiba, wamependeza balaa. Nauli ya Arizona sina. Ya bodaboda toka Mwanga mpaka Ujiji ninayo.

Ujiji kuna mzee mmoja, mstaafu wa reli, anafuga dungusi uani kama wenzie wanavyofuga kuku. Kazipanga juu ya kaukuta kafupi, kwenye ndoo za rangi na masufuria yaliyotoboka, na kwa sababu mvua za Aprili hazina simile kaziezekea nailoni, maana maji yakizidi mizizi inaoza. "Karibuni wanangu," akatupokea, darasa likaanza. Mnyaa wa uzio kwa bibi zenu si dungusi, ule una utomvu mweupe, usikuingie machoni. Dungusi asili yake Amerika. Na hii hapa, msije mkadhani... Tukaitikia "ndiyo baba". Shoga yangu anafuta kioo cha kamera, mimi natengeneza dera.

Sasa twendeni polepole. Zenye miiba mirefu nilizikwepa zote, mimi si mjinga (nani kacheka?). Nikatafuta isiyo na mwiba. Nikaiona: mabapa ya kijani, vidoa vya njano vimepangika vizuri, ukiangalia unasema manyoya ya kifaranga haya. Na kaua juu. Huyu ndiye wangu.

"Rudi nyuma kidogo." Nikarudi.

"Tena, kaua kaonekane." Nikarudi tena.

"Legeza mwili." Nikalegeza. Makalio nikayapumzisha ukutani, kati ya ndoo mbili, ndivyo nilivyodhani. Mzee nilimwona anafungua mdomo. Nikajua anatabasamia picha.

Kwanza sikusikia kitu. Halafu joto. Halafu mtekenyo, nikacheka, na hiyo picha ipo. Halafu pakaanza kuwaka, tundu moja moja, kila moja kwa zamu yake. Nikapeleka mkono kupangusa.

Jamani, msipanguse. Vile vidoa ni marundo ya vimiiba vyembamba kuliko unywele, vina vindoano, ukivigusa tu vinang'oka vyote vinakufuata. Ukisugua vinahamia kwingine. Vikahamia kiganjani. Machozi yakanitoka, nikainua kiganja kilekile nifute jicho, mzee akanidaka mkono hewani. Mungu amlipe.

"Mwanangu, si ndiyo hii niliyokuwa nawaambia?"

Mkewe katoka jikoni na chupa ya mawese, na mnajua Kigoma mawese hayashindwi na ugonjwa. "Mpake, vitalainika." Mzee anapiga kelele asipakwe, vitasambaa. Wakabishana kwa Kiha juu ya kichwa changu, mimi nimeinama nimekumbatia mwembe. Wanaojua Kiha, sitaki tafsiri. Selotepu ikashinda. Bibi akaniingiza chumbani, akawa anabandika na kubandua, bandika, bandua, shoga yangu kashika tochi. Tochi ya simu. Simu hiyohiyo yenye kinasa sauti, kwa hiyo zile kelele mnazosikia dakika ya pili ni zangu kweli, hapo sibishi.

Mengine mafupi: kibano, kurudi na bodaboda nimesimama kwenye vikanyagio, dereva ananiuliza dada unaogopa mwendo? Dera nimelitupa. Usiku nimelala kifudifudi.

Leo asubuhi daladala imekuja tupu. Nikapanda, nikasimama.

"Dada, siti zote hizi?" konda akauliza.

Nikamwambia nashuka hapo mbele tu. Nilikuwa nafika mwisho wa gari.