Fremu za Sinza na swali la matumizi ya kiwanja

Sinza, jijini Dar es Salaam, ilipimwa viwanja miaka ya 1970 katika mradi uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kusudio lake lilikuwa makazi ya watu wa kipato cha chini na cha kati. Leo anayepita barabara zake kuu huona fremu za maduka, saluni, baa na nyumba za wageni, na nyumba ambayo bado inakaliwa na familia peke yake imekuwa kitu cha kutafuta.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, kiwanja kilichopangwa kwa makazi hakigeuki cha biashara kwa uamuzi wa mwenyewe tu. Anatakiwa kuomba kibali cha kubadilisha matumizi, na majirani wapate nafasi ya kuweka pingamizi. Wanaotetea utaratibu huo wana hoja nzito. Mabomba ya maji, mashimo ya maji taka na upana wa mtaa vilikadiriwa kwa idadi ya watu wa nyumba ya kuishi, wala si kwa wateja wa baa inayokesha. Jirani aliyenunua kiwanja akitarajia utulivu, kisha akaamkia spika ukutani kwake, ana haki ya kuuliza ramani ile ya mipango miji ilichorwa ya nini.

Hata hivyo, wazo la kutenga mahali pa kulala na mahali pa kutafutia riziki halikutokana na maisha ya watu wa mji huu. Nyumba ya Kiswahili, yenye korido katikati, vyumba pande zote mbili na uani nyuma, tangu zamani imekuwa na chumba cha mbele kinachouza mafuta ya taa na sukari ya kupima, na barazani mtu akakaanga vitumbua. Waliotenga kanda Dar es Salaam walikuwa watawala wa kikoloni, Wajerumani kisha Waingereza, waliogawa mji kwa aina ya majengo, na kwa hiyo kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ya Waafrika, huku Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati kama uzio. Sisemi kwamba kila kanuni ya leo ni mabaki ya ukoloni, maana hoja hiyo hutumiwa mno na watu wasiotaka kulipia kibali. Lakini mjane anayefungua fremu moja ili akodishe kwa fundi cherehani hamdhuru jirani yeyote, ilhali kwenye karatasi kosa lake ni lile lile la mwenye baa.

Kwa maoni yangu, ukali wetu umeelekezwa pasipostahili. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jingine likaanguka Kariakoo, wafanyabiashara wakiwa ndani. Jengo haliangushwi na aina ya biashara iliyomo. Huangushwa na msingi, nondo, zege, ghorofa zinazoongezwa na ukaguzi usiofanyika. Halmashauri yenye wakaguzi wachache ikiwatuma kupiga alama ya X nyekundu kwenye vibanda, haibaki na mtu wa kuhesabu ghorofa.

Ingekuwa heri duka dogo na ufundi usio na kelele viruhusiwe katika kiwanja cha makazi bila maombi, na kibali kibaki kwa yale yanayomfikia jirani: muziki, moshi, maji taka na msongamano wa magari. Wapinzani watasema fremu moja huzaa kumi, na Sinza yenyewe ni ushahidi wao. Ni kweli. Ila kumi hizo zilizaliwa chini ya sheria inayokataza, si chini ya sheria inayoruhusu kwa kipimo, na wengi wa wenye fremu hizo hulipa leseni ya biashara kwa halmashauri ile ile ambayo ramani yake inasema hapo panaishi watu tu.