George Lilanga na ile kauli ya "shika kitu kimoja"

Kuna kauli moja vijana wa sanaa wanapigwa nayo kila siku na mimi siipendi kabisa, "we shika kitu kimoja". Kama unachonga chonga, kama unachora chora, ukionekana leo uko kwenye batiki kesho kwenye chuma unaambiwa hujatulia, na kama hukupita chuo chochote cha sanaa ndo kabisa, unaonekana unabahatisha tu. Kila nikiisikia namkumbuka George Lilanga, yule mchongaji na mchoraji wa Tanzania, maana yule mzee angeifuata angebaki na mpingo wake mpaka mwisho na sisi tungekosa sehemu kubwa sana ya alichotuachia.

Lilanga ni Mmakonde, kazaliwa 1934 kijiji cha Kikwetu, Masasi. Kuchonga alianza kwa utaratibu wa kwao, unapewa kwanza muhogo uchonge, halafu mti laini, halafu mti mgumu, mpingo unakuja mwisho kabisa mkono ukishakomaa. Sasa watu wanaposema "hakusoma sanaa" huwa nawauliza, hiyo sio shule? Cheti hakuwa nacho kweli, na karibu yote aliyokuja kuyafanya baadaye aliyaokota mwenyewe kwa kuangalia wenzake na kujaribu, ila mkono wake ulishapita mikononi mwa wazee, na tangu siku ya kwanza ulishazoea kwamba kila kitu unachokishika kina tabia yake, muhogo una yake na mpingo una yake, kule kwenye mpingo ukishakata umekata, hakuna kurudisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaja Dar. Ndugu yake Augustino Malaba, naye mchongaji, alikuwa Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii alichokisimamia Sista Jean Pruitt wa shirika la watawa la Maryknoll, basi Lilanga akapata kazi pale. Kazi gani? Mlinzi wa usiku. Mtu ameshakula miaka kadhaa kwenye uchongaji na anakubali kulinda geti, mimi hapo namheshimu sana, kwa sababu lile geti ndo lilimuweka karibu na watu waliokuwa wanafanya vitu ambavyo kwao hakuwahi kuviona: wino kwenye karatasi, kuchora kwenye ngozi ya mbuzi, batiki, picha za kuchapa kwa bamba, kazi za chuma. Akaingia kwenye vyote. Mwaka 1978 kazi zake zikawa zinaonyeshwa Washington.

Ila ukiziangalia hizo kazi zote, ngozi, kitambaa, bati, ubao, wanaokaa humo ni walewale, mashetani wa Kimakonde wenye masikio makubwa, matumbo mbele, midomo imechomoza, vidole viwili vitatu. Mtindo wa shetani hakuuanzisha yeye, anayetajwa siku zote ni mchongaji Samaki Likankoa, huko miaka ya 1950. Lilanga alichofanya ni kuwahamisha, na kila alipowahamishia walipata kitu kipya. Kwenye mpingo shetani anabanwa na gogo, ni mweusi, na mara nyingi yuko peke yake au na wachache aliong'ang'aniana nao. Kwenye ubao wamejaa kila kona, wanacheza ngoma, wanagombana, wanaumwa, wanapiga stori, hakuna hata nafasi ya kupumua, na majina ya picha ni sentensi nzima za Kiswahili kama mtu anakusimulia kilichotokea mtaani kwake jana.

Na batiki nayo isidharauliwe. Kwenye batiki nta unaiweka pale ambapo hutaki rangi iingie, kwa hiyo lazima uwe umeshaiona picha nzima kichwani kabla hujatumbukiza kitambaa. Kwa jicho langu ile mistari yake iliyonyooka, kila umbo limefungwa vizuri na rangi imekaa ndani yake haivuji, imetokea huko. Hakuna aliyenifundisha hili, ni mimi nimekaa na picha zake muda mrefu nikalinganisha. Rangi zenyewe ni zile za mafuta za kopo, ambazo Edward Saidi Tingatinga na vijana wake walishazipaka kwenye mbao pale Dar kabla yake, rangi za kupakia baiskeli na mageti, wala sio za dukani kwa wasanii.

Halafu, na hapa ndo kwenye hoja yangu hasa, akarudi kwenye mti. Akachonga tena, ila safari hii akavipaka vinyago rangi, nyekundu, njano, bluu, wakati soko la watalii lilikuwa linadai Mmakonde auze kitu cheusi kinachong'aa. Mtu aliyebaki na kitu kimoja asingeweza kukifanya kile. Vile vinyago vya rangi vimezaliwa na mchoraji aliyekuwa mchongaji kabla ya kuwa mchoraji, njia ya mkato ya kufika pale sijaiona.

Miaka ya mwisho sukari ilimtesa, akakatwa miguu. Kazi haikusimama, vijana na ndugu wakawa wanamsaidia, yeye anatoa mchoro wao wanajaza rangi, na mjukuu wake Hendrick Lilanga leo ni msanii kamili. Kuna wanunuzi wanalalamikia hilo, kwamba ipi ya mkono wake na ipi sio. Mimi naona anayenunua ana haki ya kuambiwa ukweli, hilo sina ubishi nalo, ila kumwita mzee tapeli kwa sababu alifanya kazi na watoto wake ni kutokujua karakana za Wamakonde zinavyoendeshwa. Alifariki Juni 2005, wakati kazi zake ziko kwenye yale maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika, Africa Remix, yaliyoanzia Düsseldorf 2004 na kupita London.

Kinachoniuma ni kwamba Nyumba ya Sanaa ile tuliyoijua haipo tena, na nyingi ya kazi zake nzuri ziko kwa wakusanyaji wa Ulaya kama Jean Pigozzi. Mtoto wa Masasi anayechonga muhogo leo ataziona wapi? Nataka chumba kimoja tu, hapa nyumbani, cha kudumu: mpingo, ngozi ya mbuzi, batiki, chuma, ubao wa rangi na kile kinyago cha rangi, vyote pamoja kwa mpangilio wa alivyovipitia, na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili kama alivyoziita picha zake mwenyewe.