Wavu unaoyeyuka usisifiwe kabla kovu halijapimwa

"Sista, hicho mnachoniwekea kitakaa humo mpaka lini?" Mzee mmoja aliniuliza hivyo akiwa ameshalala mezani, amechomwa sindano ya ganzi ya mgongo, miguu imeanza kuwa mizito. Nilimjibu kwa neno moja: maisha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kiwekeni vizuri." Swali lake hunirudia kila ninaposoma utafiti mpya kuhusu nyavu za kutibu ngiri ya kinena, hasa zile zenye asidi ya laktiki. Nyingi ya tafiti hizo huishia mapema mno kuweza kumjibu.

Ngiri ya kinena hutokea pale utumbo au mafuta ya tumboni yanapopenya sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo. Zaidi ya mwanamume mmoja kati ya wanne huipata maishani, na duniani kote hufanyika operesheni zaidi ya milioni 20 za ngiri hii kila mwaka. Tangu daktari Edoardo Bassini wa Padova, Italia, alipoeleza mbinu yake mnamo 1887, kazi ilikuwa kuvuta misuli, kuikutanisha na kuishona. Aliyewahi kushona nguo iliyochakaa anajua kinachofuata: ukiivuta sana, inachanika kando ya uzi. Katika miaka ya 1980 Irving Lichtenstein wa Los Angeles alishika njia nyingine. Usivute, tia kiraka. Wavu wa polipropilini, plastiki isiyoyeyuka mwilini, ukawekwa juu ya sehemu dhaifu, kovu likaota kati ya matundu yake, na ngiri zinazorudi zikapungua mno. Mwongozo wa kimataifa wa 2018 unapendekeza wavu, nami nakubaliana nao.

Lakini katika kila wagonjwa 100, kama 10 hadi 12 hubaki na maumivu ya maana miezi mingi baada ya kidonda kupona. Wapo ambao neva ilijeruhiwa au ilinaswa kwenye uzi. Wapo ambao mwili haujaacha kukizingira kitu kigeni, na kovu limekakamaa. Kwa hao ndipo asidi ya laktiki inapoleta matumaini, na ni matumaini yenye msingi.

Asidi hii ndiyo mkemia Carl Scheele aliyoitenga kutoka maziwa yaliyochacha mnamo 1780, na ndiyo misuli yetu huitengeneza tunapokimbia kwa nguvu. Ukiunganisha molekuli zake kwa mnyororo mrefu unapata plastiki imara. Ukiiweka mwilini, maji ya kwenye tishu huukata mnyororo huo kidogokidogo, asidi inarudi katika njia ile ile ambayo seli hutengenezea nishati, na mwishowe inatoka kama maji na hewa tunayoitoa puani. Nauona kuwa ufundi wa kupendeza sana. Nyuzi za kushonea zilizochanganywa na asidi hii tumezitumia kwa miongo mingi, na baada ya miezi miwili hivi hazipo tena.

Upo wavu wa ngiri ambao upande wake mmoja umejaa vikulabu vidogo vya asidi ya polilaktiki, yaani plastiki ile ya mnyororo wa asidi ya laktiki. Ukipitisha kidole chenye glavu juu yake unahisi kama ulimi wa paka, na ukigusa shashi unaing'ang'ania. Daktari lazima aukunje, auingize, aufungue mahali pake hasa, maana ukishashika tishu, kuuhamisha ni kuvuta nyama. Vikulabu huushikilia wavu bila nyuzi, kisha huyeyuka baada ya zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Hoja ilikuwa kwamba pasipo nyuzi hakuna neva ya kunaswa, kwa hiyo maumivu sugu yatapungua. Ulipolinganishwa na wavu wa kushonwa, operesheni ilikwenda haraka zaidi, na katika baadhi ya majaribio siku za mwanzo zilikuwa na nafuu. Baada ya mwaka, maumivu yalikuwa yale yale. Hata mwongozo wa 2018 unasema faida iliyothibitika ni muda. Sasa, kuokoa dakika mezani ni jambo jema, lakini mgonjwa asiambiwe kwamba ameepushwa na maumivu sugu.

Zipo pia nyavu zinazoyeyuka zote, uzi wa mwisho ukiisha baada ya miaka mitatu hivi. Wavu wa aina hiyo ulijaribiwa Uswidi kwa wagonjwa 40, na matokeo ya miaka mitatu yakachapishwa mnamo 2014. Ngiri za pembeni, zile zinazopita katika mlango wa asili wa kinena, hazikurudi. Zile za kati, zinazotoboa ukuta wenyewe, zilirudi kwa kiwango cha kutisha. Na inaeleweka kwa nini. Wavu ukiondoka, kovu linabaki peke yake kubeba kila kikohozi na kila mzigo. Tena wagonjwa wengi wa ngiri wana kolajeni (protini inayoipa tishu uimara) dhaifu tangu mwanzo, na hiyo hiyo ndiyo inayojenga kovu. Laiti utafiti ule ungeishia mwaka wa kwanza, tungeupigia makofi.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisiwe na haraka. Katika miaka ya 1990 madaktari waliripoti wagonjwa waliounganishwa mfupa wa shavu kwa vyuma vya asidi ya polilaktiki (nasema vyuma kwa mazoea tu, vilikuwa plastiki) ambao walirudi na uvimbe miaka kama mitatu baadaye, vipande vikiwa bado havijaisha. Wavu ni mwembamba kuliko vibao vile, na sidai yatatokea yale yale. Nadai tu kwamba saa ya kuhesabu iwashwe siku wavu unapomalizika kuyeyuka. Wavu wa miaka mitatu ufuatiliwe miaka mitano mingine, na ngiri za kati zihesabiwe peke yake, zisifichwe ndani ya wastani.

Na kuna kitu kinachowezekana leo bila utafiti wowote. Kila pakiti ya wavu huja na stika zenye jina la malighafi na namba ya toleo. Moja tunaibandika kwenye faili. Nyingine apewe mgonjwa, aende nayo nyumbani. Yule mzee aliondoka na kidonda kisafi na dawa za maumivu, na mkononi hakuwa na chochote kinachoonyesha amebeba nini kinenani.